Weka Mikono Nyuma, Mwalimu: Namna ya Kumfundisha Kupiga Picha Mtoto Mwenye Ugumu wa Kujifunza

Alinirudishia kamera ikiwa na picha 14, na zote 14 zilikuwa za bawaba ya mlango. Mlango ule ule, bawaba ile ile ya chini, yenye skrubu tatu, moja imelegea. Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha kufuta, maana nilidhani kabonyeza tu bila kujua anapiga nini. Kabla sijafuta nikamwambia, "Nionyeshe." Hakujibu kwa maneno, alikuwa mtoto wa miaka tisa ambaye kwa siku nzima hasemi zaidi ya maneno machache. Akanishika mkono, akanipeleka mlangoni, akachuchumaa, akaufungua mlango taratibu, akaufunga, akaufungua tena. Nikarudi kwenye kamera nikazipitisha picha zile moja baada ya nyingine. Kumbe katika kila picha mlango umefunguka kidogo zaidi ya ile iliyotangulia. Alikuwa amepiga namna mlango unavyofunguka, hatua kwa hatua, nami nusura niifute kazi yake yote kwa sababu tu sikuona nilichotarajia kuona.

Nimefundisha watoto wa namna hii kwa miaka 11 sasa: wenye usonji, wenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), wenye hali ya Down (ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada), wenye ulemavu wa akili, wasioweza kutulia dakika mbili, na wengine ambao hakuna aliyewahi kuipa hali yao jina. Kama kuna jambo moja ninalotaka mwalimu, mzazi au mpiga picha anayeanza alishike, ni kwamba uamuzi wa picha uwe wa mtoto. Wewe andaa, onyesha, linda, subiri. Ukiichukua kamera mkononi mwake, au ukamgeuza mabega "ili picha itoke vizuri", basi aliyepiga ni wewe. Vipindi vyangu vingi navimaliza nikiwa nimefunga mikono mgongoni, mikono yenyewe hasa, kwa sababu nisipoifunga inakwenda.

Muulize anayeishi naye

Jina la hali ya mtoto halikuambii vya kutosha. Nimewahi kuwa na watoto wawili wenye usonji katika kikundi kimoja: mmoja akisikia mlio wa kamera anaziba masikio, mwenzake anapiga picha kwa ajili ya mlio huo tu. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza hukaa na mama, baba, bibi au yeyote anayemwogesha na kumlaza mtoto huyo, nikamuuliza mambo ambayo hayamo kwenye ripoti. Sauti gani humkera? Anakubali kuguswa mkono? Akichoka huonyeshaje: huondoka, hujifunika uso, hurudia neno fulani? Ukimpa vitu viwili, anaweza kuchagua kimoja? Na kitu gani hachoki kukitazama? Hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Ukiambiwa ni mabomba ya maji, somo lako la kwanza limeshapatikana.

Swali la kifafa usiliruke kamwe. Baadhi ya watu wenye kifafa, si wengi, hupatwa na kifafa wakiona mwanga unaometameta, hasa unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Na kifafa chenyewe huonekana zaidi kwa watoto wenye ulemavu wa akili kuliko kwa wenzao. Kamera nyingi zikiwekwa kwenye hali ya kuondoa wekundu wa macho humulika mara kadhaa kwa mfululizo kabla ya picha kupigwa. Mimi huzima flashi kwa watoto wote, halafu nabandika selotepu nyeusi juu yake, kwa sababu vidole vya watoto vina namna ya kuwasha kila kilichozimwa. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisahau. Flashi ilimmulika machoni binti mmoja. Hakuwa na kifafa, lakini aliingia chini ya meza akakaa huko mpaka kipindi kikaisha, na ilipita miezi miwili kabla hajakubali tena kukaa chumba kimoja na kamera. Miezi ile miwili niliisababisha mimi, na naikumbuka kila ninapokata selotepu.

Kuhusu ukubwa wa kikundi, watoto wanne mpaka sita kwa watu wazima wawili wanatosha. Kipindi kisizidi dakika 40, na kati ya hizo kamera ziwe mikononi kama dakika 15. Mpangilio uwe ule ule kila siku. Ukutani natundika kadi nne zenye michoro: kukaa duara, kutazama, kupiga, kuchagua. Kazi moja ikiisha, mtoto mmoja anaibandua kadi yake na kuitia kwenye mfuko. Mtoto anayeogopa kisichojulikana akiona kadi zilizobaki ni mbili, anajua alipo.

Kamera yenyewe

Naulizwa sana kamera gani inafaa. Inafaa ile ambayo ikianguka uso wako hautabadilika, kwa kuwa itaanguka. Watoto hawa wengi wamezoea kunyang'anywa vitu mikononi. Wakiona hofu machoni mwako wataishika kamera kama kitu cha mwenyewe, na picha zao zitakuwa za woga. Kamera ndogo ya zamani yenye vitufe vya kubonyeza ni bora kuliko kamera kubwa ya gharama iliyokaa kabatini.

Simu nayo ina nafasi yake. Kioo chake ni kikubwa na mtoto anaona vizuri anachopiga. Ubaya wake ni kwamba kila unapogusa, kuna kitu kinatokea: picha inageuka video, kamera inahamia upande wa mbele, ghafla mtoto yuko kwenye ujumbe wako. Simu nyingi, za Android na iPhone pia, zina mpangilio wa kuifungia simu kwenye programu moja tu. Utafute kwenye mipangilio kabla ya siku ya somo, uufanyie mazoezi mpaka uuzoee. Halafu mwonyeshe mtoto kitufe cha sauti kilichoko ubavuni, kwa maana kwenye simu nyingi kitufe hicho hupiga picha kamera ikiwa wazi. Kitufe kinachobonyea kweli, kinachojulikana kwa kidole bila kutazama, ni msaada mkubwa kwa mtoto ambaye vidole vyake havimtii vizuri.

Kwenye kamera ya vitufe, nabandika stika ya kijani kwenye swichi ya kuwashia na nyekundu kwenye kitufe cha kupigia. Vingine vyote navifunika kwa kipande cha kadibodi na selotepu. Mtoto asiyetofautisha rangi nampandishia tone la gundi ngumu juu ya kitufe cha kupigia, likikauka linakuwa kijipele anachokisikia kwa ncha ya kidole. Kamba iwe ya mkononi. Ya shingoni niliiacha kwa watoto wanaokimbia, kwani hunasa. Na kwa mikono inayotetemeka, mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchanga, kamera ikalazwa juu yake mezani au kwenye ukingo wa dirisha, hufanya kazi kuliko stendi ya miguu mitatu ambayo kila mara kuna mguu unaokwaza mtu. Ongeza kipima muda cha sekunde 2, ili kamera ipige ikiwa kidole kimeshaondoka, na mtikisiko wote unaisha.

Siku ya kwanza hakuna kamera

Siku ya kwanza natoa kadibodi. Naikata tundu la mstatili lenye sentimita 10 kwa 15, ukubwa ule ule wa picha ya kawaida ya kusafishwa, na kila mtoto anapata yake yenye rangi aliyoichagua. Tunatoka nje, tunachungulia.

Hapa usiharakishe, kwani ndani ya kadibodi hii mna karibu nusu ya ufundi wa picha. Mtoto akiileta karibu na jicho, anaona mti mzima, ukuta, watu watatu na anga. Akiinyoosha mpaka mwisho wa mkono wake, tundu lile lile linabaki na tawi moja. Hajaambiwa neno lolote kuhusu lenzi, lakini mkono wake umeshajua maana ya kuvuta karibu na kuachia mbali. Mwache asogeze mbele na nyuma hata mara 20. Kisha nasimama mbele yake, natoa mguu mmoja nje ya fremu yake, namuuliza, "Mguu wangu uko wapi?" Watoto hucheka sana hapo, wanaanza kunikata kichwa, kunikata mikono, kunirudisha. Wameelewa kwamba kuna kilichomo na kilichoachwa nje, na kwamba wao ndio waliokiacha.

Mtoto mmoja mwenye hali ya Down aliikataa kadibodi akaviunganisha vidole gumba na vya shahada kuwa dirisha. Alitumia vidole vyake mwaka mzima, hata alipokuwa na kamera: kwanza vidole, halafu kamera. Sikumkataza. Wapiga picha wengi hufanya hivyo hivyo.

Kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu sehemu tatu tatu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, mimi siifundishi. Haimdhuru mtu, lakini mtoto aliyezoea kuambiwa "umekosea" ataigeuza kuwa njia nyingine ya kukosea.

Kushika, kubonyeza, kutulia

Picha nyingi za kwanza hutoka zimetikisika, na sababu karibu kila mara ni moja: mtoto anabonyeza na kuishusha kamera kwa pamoja, kwa hamu ya kuona kilichotoka. Usimwambie "usitikise." Hajui anatikisa. Mpe kitu cha kufanya badala ya kitu cha kutofanya. Sisi tuna maneno manne, kila moja na ishara yake ya mwili: *shika* (viwiko vinabana mbavuni), *simama* (nyayo zinakanyaga chini kwa nguvu), *bonyeza*, *ganda*. Neno *ganda* linatoka kwenye mchezo wa kukimbia na kuganda, tunaoucheza kwanza bila kamera. Baada ya kubonyeza, mtoto anaganda mpaka atakaposikia wenzake wamehesabu moja, mbili. Kwa watoto wengi hilo peke yake hupunguza picha za ukungu ndani ya vipindi viwili vitatu.

Kama mtoto anahitaji mkono wako, uweke chini ya wake, usiuweke juu. Tofauti ni kubwa. Mkono ukiwa juu unamlazimisha na hawezi kuutoa. Ukiwa chini, kidole chake kimepanda juu ya kidole chako, anasikia jinsi kinavyokwenda, na akitaka kuondoka anaondoka tu. Mbinu hii niliiona kwa walimu wa watoto wasioona na wasiosikia, nami sijapata iliyo bora.

Neno moja kwa siku

"Nenda ukapige chochote unachopenda" ni agizo gumu mno. Linamtaka mtoto achague kimoja kati ya vitu elfu, kisha akumbuke alichochagua, wakati anashika chombo kigeni. Toa neno moja. Nyekundu. Duara. Kivuli. Kitu kirefu kuliko wewe. Kitu kilicholala. Mwonyeshe neno hilo kwenye kadi yenye mchoro aende nayo.

Halafu idadi. Hapa watoto hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaobonyeza mara 200 bila kupumua. Wapo wanaosimama dakika 10 bila kupiga hata moja, wakihofia kwamba ile moja haitakuwa sahihi. Kundi la pili nalipa vizibo vitano vya chupa kwenye mfuko wa kushoto wa suruali: kila picha, kizibo kimoja kinahamia mfuko wa kulia. Mtoto asiyejua kuhesabu hahitaji kuhesabu. Mfuko ukiwa mtupu, amemaliza, na kumaliza kunampa moyo. Kundi la kwanza silipi vizibo hata kidogo. Naliacha libonyeze. Kuchagua kutafanyika mezani baadaye, na katika picha 200 za mtoto asiyetulia nimekuta mbili tatu ambazo mimi kwa utulivu wangu wote nisingezipata, za miguu ya watu inayopita, za anga lililoinama.

Kuna mtoto atakayerudia kitu kimoja wiki hadi wiki. Mwaka mmoja nilikuwa na binti wa miaka 12 aliyepiga feni ya darini peke yake. Msaidizi wangu alitaka tumwondoe kwenye feni. Nilisema hapana, tumwongezee neno. Wiki ile neno likawa "chini": akalala sakafuni akapiga feni kutoka chini. Neno likawa "kivuli": akagundua kivuli cha feni ukutani. Neno likawa "haraka na taratibu": tukaweka kamera juu ya mfuko wa mchanga, nikaweka kasi ya 1/500 ya sekunde, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, feni ikasimama kabisa kwenye picha, nikaweka 1/15 mapanga yakawa wingu. Alizishika picha zile mbili, moja kila mkono, akawa anaitazama hii, anaitazama ile, na feni yenyewe juu. Nimesomesha watu wazima wanaolipia kozi ambao hawakuielewa kasi ya kamera vizuri namna ile.

Mwanga

Mwanga ufundishwe kwa mkono na kwa mwili. Zima taa, funga mapazia, mpe mtoto tochi na mwanasesere. Tochi kwa mbele, uso bapa. Tochi kwa pembeni, pua inatoa kivuli. Tochi kwa chini, anakuwa wa kutisha. Kwa mchana, msimamishe mwenzake karibu na dirisha na umwambie ageuke taratibu, mduara mzima, huku anayepiga akitazama mwanga ukizunguka usoni. Mwambie apige pale anapotaka yeye.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la tundu. Chukua tochi tatu, zipange mezani kwa nafasi, mbele yake simamisha kadibodi yenye tundu dogo, na nyuma ya kadibodi karatasi nyeupe. Chumba kiwe giza. Kwenye karatasi zitatokea doa tatu za mwanga. Ziba tochi ya kushoto: doa linalopotea ni la kulia. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alilifanya jaribio la namna hii kwa taa katika karne ya 11, akithibitisha kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu na kwamba miale ya taa tofauti haichanganyiki inapopita tunduni. Mtoto hahitaji jina lake, ingawa mimi hulitaja. Anachohitaji ni kuziba tochi kwa kiganja chake mwenyewe, na kuona doa la upande wa pili likifa.

Baada ya hapo, kama una chumba chenye dirisha moja linalotazama sehemu yenye jua kali, ufunike dirisha lote kwa kadibodi, utoboe tundu la kama sentimita moja na nusu. Kaeni gizani kama dakika 10 macho yazoee. Ukutani mkabala na dirisha itajitokeza dunia ya nje, juu chini: miti imening'inia, watu wanatembea na vichwa chini. Mko ndani ya kamera. Mtoto anayeogopa giza akae karibu na mlango, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Nje abaki mtu mzima mmoja, na ajitolee kupunga mikono mbele ya dirisha ili waliomo ndani wamwone akiwa kichwa chini. Wapo wanaoingia mara ya tatu tu. Sawa.

Kwa mtoto asiyetaka kabisa kushika kamera, ipo karatasi ya bluu, ile njia aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Inauzwa ikiwa tayari imepakwa dawa. Unaweka jani, ufunguo au kiganja juu yake, unaianika juani dakika chache, unaiosha kwa maji, na mahali palipofunikwa panabaki peupe ndani ya bluu nzito. Hakuna mlio, hakuna kitufe. Watoto wasiopenda kamera hupenda maji.

Kuchagua ni nusu ya kazi

Mwaka 1943 Edwin Land, mvumbuzi Mmarekani, kama alivyosimulia mwenyewe, alimpiga picha binti yake wa miaka mitatu, na mtoto akamuuliza kwa nini hawezi kuiona hapo hapo. Swali lile ndilo lililozaa kamera ya Polaroid, inayotoa picha ya karatasi papo hapo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Kwa watoto ninaowafundisha, "hapo hapo" ni lazima. Picha itakayosafishwa wiki ijayo haina uhusiano tena na kidole kilichobonyeza leo. Kama una printa ndogo, itumie kwenye kipindi kile kile, hata kwa picha mbili tu kwa kila mtoto. Kama huna, tumia kioo kikubwa. Lakini karatasi ni bora. Karatasi inashikika, inapangika, inageuzwa, inawekwa chini ya mto.

Weka sahani mbili mezani, moja ya kijani ya "naitaka" na moja ya kijivu ya "naiacha". Mtoto anapanga. Usiguse. Akiweka picha ya ukungu kwenye kijani na ile uliyoipenda wewe kwenye kijivu, iache. Huruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya", wala usiulize "kwa nini umepiga hii?" Swali la "kwa nini" linataka mtoto arudi nyuma katika fikra zake na kuzitolea maelezo, na kwa wengi ndilo gumu kuliko yote, wengine wakiulizwa "kwa nini" huhisi wameshakosea. Sema "nionyeshe." Sema "hapa naona kamba." Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka 10, polepole. Walimu wengi hawafiki hata tatu, na jibu la mtoto lilikuwa njiani.

Kwa mwenye disleksia, hatua inayofuata ina utajiri wake. Achague picha tatu azipange: kwanza, halafu, mwisho. Asimulie, nawe uandike maneno yake chini ya kila picha kama alivyoyatamka, bila kunyoosha sarufi. Mvulana mmoja aliyekuwa akikimbia darasa kila kitabu kinapofunguliwa aliniambia niandike, "Hapa paka hajaniona. Hapa kaniona. Hapa hayupo." Aliyasoma maneno yale mbele ya kikundi bila kukwama, kwa sababu yalikuwa yake na picha ilikuwa inamshika mkono. Wiki iliyofuata akaomba kalamu.

Ruhusa

Fundisha ruhusa mapema, kwa ishara: kiganja kilichofunguliwa mbele ya kifua ni "nikupige?", anayeulizwa akiinamisha kichwa ni ndiyo, akigeuka ni hapana, na hapana haijadiliwi. Ifanyieni mazoezi mkikataana kwa makusudi. Watoto hawa hupigwa picha na watu wengi bila kuulizwa, katika hafla, hospitalini, na wageni wanaotembelea shule. Siku wanapogundua kwamba wao pia wanaweza kugeuka, baadhi yao hugeuka wiki nzima kwa kila mtu. Waache wageuke.

Wewe nawe uwe na ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na ya mtoto kwa njia anayoiweza, kabla picha haijatoka nje ya chumba. Zima kwenye simu na kamera ule uwezo wa kuandika mahali picha ilipopigwa. Kumbuka pia kwamba katika sheria za nchi nyingi mwenye picha ni aliyeipiga, hata akiwa mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 30, unazitaka nchi kuwapa nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, tena si kwa faida yao tu bali pia kwa kuitajirisha jamii. Kwa hiyo usichukue picha ya mtoto ukaitumia kuombea fedha huku jina lake limeachwa. Kama yeye na mzazi wake wametaka jina liandikwe, liandike.

Ukutani

Mwisho wa muhula tunatundika. Kila mtoto huchagua picha, ukubwa na mahali. Mahali ndipo watu wazima tunapopasahau: tunatundika kwa urefu wa macho yetu, na mwenye picha inambidi ainue shingo kutazama kazi yake. Mpe mtoto selotepu, asimame, aguse ukuta, hapo ndipo.

Mtoto wa bawaba alichukua picha zake zote 14. Hakwenda ukutani. Alikwenda mlangoni, akachuchumaa, akazibandika moja moja kwa mstari kwenye ukuta ulio kando ya bawaba ya chini, karibu kabisa na sakafu. Siku ya maonyesho wazazi na walimu walifika, na kila aliyetaka kuona ilimlazimu kupiga magoti. Yeye alisimama pale muda wote, mkono kwenye kitasa. Kila mtu alipofika kwenye picha ya 14, aliufungua mlango taratibu, akaufunga, akaufungua tena.